Tumelisoma Jina la Kanga, Tukauacha Mji Wake

Kanga ina sehemu tatu, na kila mwanamke wa Pwani anazijua: pindo, mji na jina. Pindo huzunguka kitambaa pande zote nne. Mji ni uwanja wa katikati, penye ua, korosho au nakshi nyingine. Jina ni yale maneno yaliyopigwa chapa upande wa chini. Sasa jiulize, msomaji: katika sehemu hizo tatu, sisi wapenzi wa lugha tumeishughulikia ipi? Majina ya kanga tumeyakusanya, tumeyaandikia tasnifu, tumeyapanga kwa mafungu ya mafumbo, mipasho, mawaidha na mahaba. Mji tumeupita kama msafiri wa usiku apitavyo kijiji. Pindo hata hatukulitupia jicho. Nani aliyeuchora ule mji? Kwa nini korosho imelazwa upande huu na haikulazwa ule? Kwa nini kisutu, chenye wekundu, weusi na weupe wake, kinatambulika harusini kabla mtu hajasoma neno lolote? Maswali haya hayana mwenyewe katika madarasa yetu, kwa sababu elimu inayoyauliza hatujaipa kiti cha kukalia.

Elimu hiyo ni historia ya sanaa. Hoja yangu ni moja, nami naitamka mapema ili anayetaka kuikataa ajue anachokikataa: vyuo vikuu vya Afrika Mashariki vinapaswa kuifundisha historia ya sanaa kuwa shahada ya kwanza iliyo kamili, na shahada hiyo ifundishwe kwa Kiswahili. Nasema zaidi. Sisi washairi na wapenzi wa lugha, ambao tulipaswa kuwa wa kwanza kuidai, ndio tulioizorotesha, kwa kuamini kwamba ukilimiliki neno umekwisha kukimiliki kitu.

Naanza na mjomba. Kijana akirudi nyumbani na matokeo yake ya kidato cha sita, akatamka kwamba anataka kusoma historia ya sanaa, mjomba humkazia macho na kuuliza, “Utakula nini?” Swali la mjomba si la ujinga, maana yeye ndiye mara nyingi anayelipa karo, na nitamjibu kabla sijamaliza. Lakini kwanza nataka ieleweke kwamba mjomba huyu hayuko Tandale wala Kisauni pekee. Mwezi wa Januari mwaka 2014, Rais Barack Obama, ambaye baba yake alikuwa Mkenya, alisimama mbele ya wafanyakazi wa kiwanda huko Wisconsin akasema kwamba vijana wanaweza kuchuma zaidi kwa ufundi wa viwandani kuliko kwa shahada ya historia ya sanaa. Profesa mmoja wa somo hilo alimwandikia kulalamika, na Rais akamjibu kwa barua ya mkono wake mwenyewe kuomba radhi. Mwaka 2016 nchini Uingereza, bodi iliyokuwa ikilitahini somo hilo katika ngazi ya A-level ilitangaza kuliacha. Wasomi na wasanii wakapiga kelele, na bodi nyingine ikalichukua. Funzo ninalolipata katika visa hivi viwili ni hili: hata kule ambako somo hili lina idara, maktaba na makumbusho makubwa, halikai salama mpaka liwe na watu wa kulisemea. Kwetu lina nani?

Katika vyuo vyetu historia ya sanaa hukaa kama mgeni katika nyumba ya mwingine. Huingizwa kuwa kozi mbili tatu ndani ya shahada ya uchoraji, ya sanaa za maonyesho au ya akiolojia. Makerere ilianza kufundisha sanaa tangu miaka ya 1930, chini ya Margaret Trowell, na pale wakapita watu kama Sam Ntiro, mchoraji aliyekuja kuwa balozi wa Tanganyika jijini London. Kwa hiyo tumefundisha mikono kuchora kwa takriban miaka 90. Kuyafundisha macho kusoma kilichochorwa tumekuwa tukikufanya kwa kuibia dakika.

Wengi wanaoidharau shahada hii hawajui inafundisha nini. Hudhani ni kukariri majina ya wachoraji wa Kitaliano na miaka ya vifo vyao. Ukweli ni kwamba zoezi la kwanza analopewa mwanafunzi ni jepesi kulisema na gumu kulitenda: simama mbele ya kitu kimoja, kitazame kwa muda wa saa nzima, kisha andika ulichokiona, usiandike ulichokisikia. Mpeleke mwanafunzi huyo mbele ya mlango wa nakshi katika Mji Mkongwe wa Zanzibar. Mtembeza wageni atamwambia kwamba mnyororo uliochongwa ukingoni ni alama ya utumwa, samaki ni alama ya uzazi, na miiba ya shaba ni ya kuwazuia tembo. Huenda limo la kweli katika hayo, huenda ni hekaya zilizonogeshwa ili mgeni afungue mkoba. Mwanafunzi hatabisha wala hatakubali. Atauliza. Mti huu ni mti gani, nao ulitoka wapi? Sehemu ya juu imenyooka au imepinda tao? Maana milango ya mtindo wa zamani ina kichwa kilichonyooka, na ile ya tao, iliyojaa maua na majani, ilishamiri baadaye, kuelekea mwisho wa karne ya 19, kwa mvuto wa matajiri na mafundi wenye asili ya Uhindi. Je, mnyororo huu umo katika milango mingapi mingine, na wenye nyumba hizo walikuwa kina nani? Mlango huu ulizaliwa pamoja na nyumba hii, au uling’olewa kwingine ukaletwa hapa? Baada ya maswali kumi ya aina hiyo, zile hekaya za mtembeza wageni huanza kupepetwa kama mchele kwenye ungo, na pumba huruka zenyewe.

Hiyo ndiyo shahada: kutazama, kulinganisha, kutafuta tarehe, kuijua malighafi na zana, na kuifuata njia ambayo kitu kimepita mpaka kikafika kilipo. Ni elimu ya ushahidi wa macho. Katika zama hizi ambapo kompyuta inaweza kukutungia picha ya jambo ambalo halikutokea na mtu ambaye hajazaliwa, sioni ni kwa namna gani elimu ya kuuliza “nani alikitengeneza, kwa kitu gani, kwa ajili ya nani” inaweza kuitwa anasa.

Sasa nieleze tunachokipoteza kwa kutokuwa nayo. Wamijikenda, hasa Wagiriama, huchonga kigango kwa ajili ya mzee wa Gohu aliyefariki. Ni ubao mrefu wenye kichwa na kiwiliwili, uliotiwa nakshi za pembetatu, nao husimamishwa uangaliwe na watu wa ukoo wake. Haukuchongwa kwa ajili ya kuuzwa. Hata hivyo, kwa miaka mingi vigango viling’olewa usiku, vikauzwa kwa wafanyabiashara, vikavuka bahari na kupamba sebule na makumbusho ya Marekani, ambako vilionekana kama “mbao za Kiafrika” zisizo na jina wala ukoo. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Pwani ya Kenya akiwa kando ya vigango viwili vya familia yake. Muda mfupi baadaye vigango vile vikaibwa. Mwaka 1999, katika mkutano wa wasomi nchini Marekani, akaonyeshwa picha ya kigango kilichokuwa katika makumbusho moja, akakitambua. Hatimaye kimoja kilipatikana katika makumbusho ya jimbo la Illinois na cha pili katika Chuo Kikuu cha Hampton, na vikaanza safari ya kurudi. Mwaka 2014 makumbusho moja ya Denver nayo ikatangaza kurejesha vigango 30.

Zingatia kilichovirudisha. Ni picha moja, jina la mahali, mwaka, na jicho lililozoea kutofautisha nakshi na nakshi. Hatuna haki ya kungoja mgeni mwenye kamera apite kwa bahati. Kila kigango, kila kiti cha enzi, kila mlango na kila jiwe la kaburi lililochongwa lilipaswa kuwa limetazamwa na kuandikiwa na kijana wa hapa aliyefunzwa kazi hiyo, ili mwizi anapokifikisha sokoni akute cheti cha kuzaliwa cha kitu kile kimemtangulia.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na macho yetu. Tarehe 25 Desemba mwaka 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, iliporomoka na kuua watu. Siku zile washairi tulilia, na kilio chetu kilikuwa cha haki. Lakini ubeti haushiki paa. Jumba lile linahitaji mtu anayejua uwiano wa chokaa na mchanga, urefu wa boriti za mikoko na jinsi ulivyoamua upana wa vyumba vya Pwani, na namna nguzo za chuma zilizoletwa kutoka ng’ambo zilivyoungwa na kuta za mawe. Mhandisi atajua kipi kinabeba uzito. Anayejua kipi kilikuwapo tangu mwanzo na kipi kiliongezwa baadaye, na kwa nini, ni mwanahistoria wa sanaa. Pasipokuwa naye, tutajenga upya jumba tunalolikumbuka, na kumbukumbu huwa na mazoea ya kujipendelea.

Mshairi atasema: hayo ni ya makumbusho na majengo, mimi yananihusu nini? Yanakuhusu ndugu yangu, tena kuliko unavyodhani. Chukua Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, utungo ambao hakuna anayejiita mpenzi wa ushairi wa Kiswahili asiyeujua. Mtunzi anatutembeza katika majumba ya Pate yaliyokuwa fahari na sasa ni magofu, na anatuonyesha zidaka zilizokuwa na vyombo vya kaure zikiwa zimegeuka viota vya ndege. Darasani tunamwambia mwanafunzi kwamba hii ni taswira ya dunia ipitayo, anaandika, tunaendelea na ubeti unaofuata. Lakini kidaka ni nini? Kipo sehemu gani ya nyumba?

Nyumba ya mawe ya Lamu na Pate hupangwa kwa hatua. Unaanza na daka la nje, kisha tekani, kisha kiwanda kilicho wazi juu. Unapita msana wa tini, halafu msana wa yuu, na ndipo unapofika ndani. Kadiri unavyoingia ndivyo sakafu inavyoinuka kidogo kidogo, na ndivyo mwanga unavyopungua na heshima inavyozidi. Zile safu za zidaka zilizo nzuri kuliko zote, zilizojengwa kwa chokaa na kuchongwa nakshi, ziliwekwa katika ukuta wa kule ndani kabisa, mahali ambapo mgeni wa kawaida hafiki. Mtu akilijua hilo, ubeti unabadilika mbele ya macho yake. Ndege wa mwituni ameingia na kutaga pale ambapo hata jirani alihitaji ruhusa. Sitara imeondoka pamoja na mali, pamoja na paa, pamoja na watu. Haya yamo katika mpango wa nyumba, na mtunzi hakuyaeleza kwa sababu wasikilizaji wake waliishi ndani ya nyumba hizo. Sisi hatuishi ndani yake. Ndiyo maana nasema kwamba mhakiki wa Al-Inkishafi asiyejua nyumba ya Pate ilivyojengwa anasoma utungo ule akiwa amefumba jicho moja.

Nageukia wapinzani, nao wako wa namna tatu.

Wa kwanza husema: historia ya sanaa ni elimu ya Wazungu. Hawa wana sehemu ya ukweli, nami siwanyimi. Giorgio Vasari, ambaye wengi humhesabu kuwa baba wa elimu hii, alipochapisha kitabu chake mwaka 1550 aliandika maisha ya mafundi wa Italia, na mji wa Firenze ukapewa sifa kuliko miji mingine. Karne zilizofuata zilijenga ngazi. Juu yake wakawekwa mchoraji wa Ulaya na sanamu ya marumaru, chini yake vikawekwa vitu vilivyoitwa vya kikabila. Sanamu ya marumaru ikaenda kwenye jumba la sanaa, na kinyago cha Kimakonde kikaenda kwenye jumba la ethnolojia, kana kwamba kimoja kilitengenezwa na mtu mwenye akili zake na kingine kiliota chenyewe kama uyoga. Haya yote ni kweli. Lakini je, dawa yake ni kuwaachia ngazi hiyo waliyoijenga? Mwaka 1968 katika chuo kikuu cha Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong’o, Taban lo Liyong na Owuor Anyumba waliikuta fasihi katika hali hiyohiyo, Uingereza ikiwa kitovu na sisi tukiwa pembezoni. Hawakusema fasihi isisomwe. Walidai Idara ya Kiingereza ifutwe na mahali pake pawe na idara ambayo Afrika ndiyo kitovu chake, fasihi simulizi ikiwa na kiti cha mbele. Fasihi ilipata mapinduzi yake zaidi ya nusu karne iliyopita. Historia ya sanaa haijapata yake kwa sababu huwezi kuipindua idara ambayo hujaijenga.

Mpinzani wa pili husema: Kiswahili hakina istilahi za elimu hiyo. Huyu ndiye anayeniudhi kuliko wote, maana mara nyingi ni mtu wa lugha. Kiswahili chenyewe kinamkanusha. Tunatunga shairi, nasi tunatunga shanga. Kitenzi ni kimoja, na bibi anayepanga shanga nyekundu kando ya nyeupe anafanya uamuzi wa mizani sawasawa na malenga. Tunasuka ukili, tunasuka visa. Tunachonga kinyago, na msemaji hodari tunasema ana maneno ya kuchonga. Nakshi tunaitia katika mlango, tunaitia na katika lugha. Neno sanaa lenyewe lilitujia kutoka Kiarabu likiwa na maana ya ufundi na kazi ya mikono kabla halijawa jina la nyimbo na maigizo. Na wale mnaojivunia arudhi, kumbukeni kwamba katika arudhi ya Kiarabu neno lililotupa beti lina maana ya nyumba, na nusu ya mstari huitwa misra, yaani ubao mmoja wa mlango wenye mbao mbili. Waliotoa majina hayo waliuona ushairi kwa macho. Sisi tuliourithi tumeyafumba.

Haya, uangalie mlango wa Pwani. Una mbao mbili, na katikati yake umesimama mfaa, ule mti wa nakshi unaozifunga pamoja. Una miimo ya kulia na kushoto. Una kizingiti. Sasa uangalie mshororo wa shairi letu la mizani 16. Una ukwapi na utao, na kati yake pumziko linalovitenga vipande viwili na kuviunganisha papo hapo. Mshairi asiyejua ukwapi na utao hatumpi kalamu. Msomi asiyejua mfaa na mwimo tunampa shahada ya uzamivu katika utamaduni wa Mswahili. Istilahi zipo, ila ziko karakana, midomoni mwa mafundi wanaoshika tezo na patasi, na wazee wao wanakufa nazo. Zinazokosekana tutaziunda, kama tulivyounda sajili, mofimu na tamathali za usemi, na hakuna aliyefariki kwa kuzizoea.

Kwa hili tunao mfano wetu wenyewe. Kabla ya mwaka 1954 washairi walijua kanuni za utunzi kwa sikio, kwa kukaa karibu na waliotangulia. Mwaka huo Kaluta Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, na kile kilichokuwa siri ya sikio kikawa somo linaloweza kufundishwa Kigoma kama linavyofundishwa Mombasa. Unaweza kugombana na sheria zake, na wengi wamegombana nazo, lakini huwezi kusema hakukupa mahali pa kuanzia ugomvi. Uchongaji wetu, ususi wetu, ufinyanzi wetu na ujenzi wetu bado vinamngoja Amri wao.

Mpinzani wa tatu ni mjomba, niliyeahidi kumjibu. Mjomba, sitakudanganya. Shahada hii haitajirishi. Mhitimu wake atafanya kazi katika makumbusho, katika idara za mambo ya kale, katika uchapishaji, filamu, ufundishaji, utalii na utunzaji wa majengo ya zamani, na katika kazi hizo zote atashindana na wengine. Lakini nitazame na mimi nikuulize. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara zimo katika orodha ya urithi wa dunia tangu 1981, Mji Mkongwe wa Zanzibar tangu 2000, mji wa kale wa Lamu tangu 2001, Fort Jesus ya Mombasa tangu 2011. Watu hupanda ndege kuja kuvitazama vitu hivi. Fedha wanazoziacha zinajenga barabara na kulipa mishahara. Hivi ni busara nchi kula kutokana na vitu ambavyo haikumfundisha mtu yeyote kuvisoma kwa lugha yake? Mwenye shamba anayeuza nazi bila kumfundisha hata mwanawe mmoja kuupanda mnazi, mjomba, wewe mwenyewe ungemwitaje?

Sasa naja kwetu, maana lawama kubwa ni yetu. Miaka ya 1970 tulipigana vita vya vina na mizani. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, tulirushiana maneno makali, tukaandikiana majibu na majibu ya majibu, tukatengana kambi mbili. Vita vile vilitufaa sana. Vilimlazimisha kila mmoja aseme shairi ni nini na kwa nini. Katika miaka hiyohiyo, Dar es Salaam hiyohiyo ilikuwa ikizaa jambo jingine kubwa. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora mwaka 1968 kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya vipande vya mbao bandia, na mwaka 1972 akauawa kwa risasi ya polisi. Miaka minne tu, na mtindo wake ukaenea duniani kwa jina lake. Je, tulipigana wapi kwa Kiswahili juu ya zile rangi zisizochanganywa, juu ya mnyama anayeujaza ubao mzima, juu ya swali la wapi kazi ya mwalimu inakoma na biashara ya wanafunzi wake inaanza? Sehemu kubwa ya vitabu juu yake imeandikwa na kuchapishwa kwa lugha za kigeni. Chui amechorwa kwetu, na akatafsiriwa kwingine.

Ninachokidai si wingu. Mwaka wa kwanza wa shahada uwe wa kutazama na kueleza, mwanafunzi akikaa na fundi seremala, mfinyanzi na msusi, akiandika majina ya zana, ya sehemu na ya makosa, kwa maana fundi huwa na majina matamu mno ya makosa. Mwaka wa pili uwe wa safari ndefu: maandishi ya kufi ya mwaka 1107 katika msikiti wa Kizimkazi, msikiti mkuu wa Kilwa na jumba la Husuni Kubwa, mabakuli ya Kichina yaliyopachikwa katika makaburi ya Kunduchi, siwa ya pembe ya Pate, vinyago vya Wamakonde, vitambaa vya magome vya Baganda. Humo pia wawemo Vasari na wenzake, maana mwanafunzi wetu ana haki ya kuisoma Italia kwa Kiswahili kama Mwitaliano alivyo na haki ya kuisoma Kilwa kwa Kiitaliano. Mwaka wa tatu kila mwanafunzi achukue kitu kimoja, kimoja tu, akiandikie tasnifu kwa Kiswahili kuanzia mti ulipokatwa hadi siku alipokitazama. Wakihitimu wanafunzi 20 kwa mwaka, baada ya miaka 10 tutakuwa na vitu 200 vilivyosomwa kikamilifu. Kuanzia hapo ndipo kamusi itakapojaa, na wahakiki wa Al-Inkishafi watakapofumbua jicho la pili.

Nanyi malenga wenzangu, msingoje seneti ya chuo ikae kikao. Kila mmoja ana fundi jirani yake. Nenda ukae karakana kwake asubuhi moja, uulize jina la kila kitu anachokishika, uandike. Chukua kanga ya mama, ifunue yote kitandani, uifunike ile sehemu ya jina kwa mkono wako, kisha useme unachokiona. Ukikosa maneno, hapo umekwisha kuujua ukubwa wa kazi iliyo mbele yetu.

Anayeona nimekosea na aandike, kwa nathari au kwa mizani. Uwanja uko wazi.